Mhifadhi wa Nyayo

Neno mhifadhi limepata maana nyembamba mno katika nchi yetu. Ukilitaja mbele ya watu kumi, tisa watamkumbuka mtu aliyevaa sare za kijani, amesimama kando ya gari la serikali, bunduki begani. Si kosa lao. Kwa miaka mingi wahifadhi tuliowafahamu ni hao wa mbuga na misitu, watu wa kuwazuia majangili na kuwafukuza ng'ombe. Lakini neno lenyewe ni kubwa kuliko sare, nami nakuomba, ndugu msomaji, tulitazame kidogo kabla sijakupeleka mahali ninapokusudia kukupeleka.

Shina lake ni hifadhi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na kwetu lina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Ya kwanza ni kukilinda kitu kisiharibike wala kisipotee. Ya pili ni kukitia moyoni. Mtoto wa chuoni aliyehifadhi Kurani hana haja ya kufungua msahafu, kwa kuwa maneno yamehamia ndani yake, na hapana mwizi wala mchwa awezaye kuyafikia. Basi angalia: kwa maana hii ya pili, kitu kilichohifadhiwa vizuri kabisa ni kitu ambacho macho ya watu hayakioni. Kwa muda mrefu jambo hili lilipita masikioni mwangu bila kuacha alama, mpaka niliposoma habari za Laetoli.

Wenzetu wa mataifa mengine nao wana yao. Huko Marekani, katika majimbo mengi, mahakama humteua mtu wa kuangalia mali na mambo ya mtu mzima asiyeweza tena kujiangalia kwa sababu ya maradhi au uzee, na cheo anachopewa kwa Kiingereza ni kile kile wanachompa fundi anayetibu picha na vyungu vya kale katika nyumba za makumbusho. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikaona hapana la kuchekesha. Wote wawili wamekabidhiwa kitu kisichoweza kujisemea. Yule wa mahakama haruhusiwi kuifanya mali ya mzee kuwa yake, na huyu wa makumbusho haruhusiwi kukipamba chungu kikawa kizuri kuliko alivyokiacha mfinyanzi.

Hapo ndipo anapoachana na fundi wa kukarabati. Ukimpa fundi kiti kibovu, furaha yake ni kukurudishia kiti kinachong'aa. Mhifadhi akipewa kitu, kwanza hukaa nacho. Huuliza kimetengenezwa kwa nini na kinaliwa na nini: unyevu, jua, chumvi, wadudu, au mikono ya watu. Hukipiga picha na kuandika hali yake yote, mpaka na ufa usiozidi unywele. Baadaye sana ndipo hukigusa, tena kwa kiasi kidogo kabisa kinachowezekana, na dawa au gundi anayoitumia lazima iwe ya namna ambayo atakayekuja baada yake ataweza kuiondoa akiona haifai. Maana anajua kwamba elimu yake ni ya leo, na kitu kile kitaishi kesho.

Nina mfano wa nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi cha mwaka 1946, alichopewa aliporudi kutoka Burma, ambako alikuwa askari wa King's African Rifles. Alikikunja mara nne akakiweka katika kopo la biskuti. Miaka ya sabini alikipeleka katika ofisi moja kwa ajili ya madai fulani, na karani mmoja mwema, alipokiona kinaachana kwenye mikunjo, akakiunga kwa selotepu mbele na nyuma. Baba alirudi akimsifu kijana yule. Leo cheti kiko kwangu. Kila ilipopita selotepu karatasi imekuwa rangi ya chai, gundi imeula wino, na jina la kikosi chake halisomeki tena. Sehemu ambazo karani hakuzigusa zinasomeka vizuri. Simlaumu, wala simtaji. Ninalosema ni kwamba madhara mengi yanayopata vitu vya kale hufanywa na mkono wenye huruma, na mhifadhi wa kweli ni yule aliyefundishwa kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Sasa twende Laetoli.

Ni mahali pakavu, yapata kilometa 45 kusini mwa bonde la Oldupai, ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro. Wamasai wamepaita hivyo kwa sababu ya ua jekundu linalochanua huko. Kiasi cha miaka milioni 3.66 iliyopita volkeno ililipuka na kumwaga majivu juu ya nchi yote ile. Wataalamu wengi wameutaja mlima Sadiman, ingawa wako wanaobisha. Ikanyesha mvua nyepesi, majivu yakalowa kama saruji iliyochanganywa karibuni. Wakapita juu yake swala, tembo, ndege, sungura. Wakapita na viumbe watatu waliotembea wima kwa miguu miwili, mmoja mdogo kwa umbo upande mmoja, na upande wa pili mmoja aliyetangulia na mwingine aliyekanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake. Majivu yakakauka yakawa mwamba. Kisha yakaja majivu mengine yakafunika yote.

Nakuomba usiipite haraka hiyo sentensi ya mwisho. Mhifadhi wa kwanza wa nyayo hizo hakuwa binadamu. Ilikuwa ile tabaka ya majivu iliyozifunika, nayo ilifanya kazi yake kwa muda ambao akili haiwezi kuushika, bila mshahara wala kikao. Hatari ilianza pale mmomonyoko wa udongo ulipoifunua.

Jinsi zilivyogunduliwa ni kisa chenye utani wake. Mwaka 1976 wageni waliotembelea kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi ya tembo yaliyokauka, watu wazima wenye shahada zao, na mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akaanguka, akajikuta uso wake uko juu ya mwamba wenye alama za kwato na matone ya mvua. Ndivyo nyayo za wanyama zilivyotambuliwa. Za watembea wima katika mahali panapoitwa Eneo G ziliibuka mwaka 1978, Paul Abell alipoona alama ya kisigino iliyovunjika nusu. Kazi ya kuchimba ilikamilika mwaka 1979: mstari wa mita 27 hivi, wenye nyayo zipatazo 70. Kabla ya hapo kulikuwa na ubishi mrefu kama ubongo mkubwa ndio uliotangulia au kutembea wima. Mstari ule ulionyesha kwamba babu zetu, au ndugu wa babu zetu, walikuwa wakitembea kwa miguu miwili zamani sana kabla ya zana za mawe kongwe tunazozijua.

Mary Leakey alipomaliza kuchunguza na kutengeneza nakala, alifanya jambo la busara. Alizifukia. Walimwaga mchanga wa mito ya jirani, wakatandaza plastiki, wakapanga mawe ya volkeno juu ili tembo na ng'ombe wasipakanyage. Mtu angedhani habari imekwisha hapo.

Lakini mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Hapana aliyeuchekecha. Na mawe yaliyowekwa kwa ulinzi yakatunza unyevu chini yake, kwa hiyo penye nchi kavu kabisa pakawa na kitalu kizuri. Migunga ikaota, ikakua ikapita kimo cha mtu, na mizizi yake ikatafuta maji kule chini kwenye mwamba wa nyayo. Kwa zaidi ya miaka kumi kinga ile ile ndiyo iliyokuwa ikilisha hatari. Cheti cha baba yangu na mwamba wa Laetoli ni vitu vilivyoachana mno kwa umri na kwa thamani, lakini ugonjwa wao ni mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya serikali yetu ilishirikiana na Taasisi ya Getty ya Uhifadhi, ya California, kwenda kuangalia. Walifungua shimo dogo pale miti iliposongamana, wakakuta mizizi imeingia. Kwa upande wetu walikuwapo Simon Waane na Donatius Kamamba. Kwa upande wa wageni Neville Agnew na Martha Demas, pamoja na wahifadhi Jerry Podany na Angelyn Bass. Nimewataja kwa majina kwa sababu wavumbuzi hukumbukwa vitabuni na wahifadhi husahauliwa. Kila mwanafunzi wa historia hulijua jina la Leakey. Nilifundisha somo hilo miaka mingi, na sikumpata mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kusikia jina la mtu aliyezitibu nyayo zenyewe.

Wakati wa mashauri yalizuka mawazo matatu. La kwanza, mwamba ukatwe vipande usafirishwe hadi makumbusho. La pili, nyumba ijengwe juu ya nyayo pale pale ili watu waje kuona. La tatu, zifukiwe tena, ila safari hii kwa elimu. Mawazo mawili ya kwanza yana mvuto, na ningekuwa waziri huenda ningeshawishika. Lakini mwamba ule ni tabaka juu ya tabaka za majivu, wenye nyufa, laini mahali na mgumu mahali. Msumeno ungeweza kuua kile ulichokwenda kukiokoa, na nyayo zilizong'olewa katika nchi yake zingebaki alama tupu. Nyumba nayo haizuii maji yanayopanda kutoka ardhini wakati wa masika na kukauka juu yakiacha chumvi, ambayo hula mwamba taratibu. Tena nyumba inataka paa lisilovuja, fundi, mlinzi na fungu la fedha kila mwaka, mahali ambapo barabara hukatika mvua zikinyesha. Nimeona majengo ya umma ya kutosha katika maisha yangu kujua paa linakuwaje fungu linapokosekana.

Likachaguliwa la tatu. Mwaka 1994 miti ilikatwa na visiki vikatiwa dawa ili isichipue. Nusu ya mstari ikafunuliwa mwaka 1995, nusu ya pili mwaka 1996. Kwa bahati njema nyayo nyingi zilikutwa salama. Mizizi ilikuwa imeharibu mahali mahali, nayo ilikatwa na kuondolewa kipande kwa kipande kwa zana ndogo ndogo. Kulikuwa pia na nyayo zilizokuwa zimegeuka rangi na kuwa nyeusi, kwa sababu ya dawa ya kuimarisha mwamba iliyopakwa wakati wa kutengeneza nakala za mwanzo. Selotepu tena! Zikapigwa picha za vipimo, kazi iliyoongozwa na Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ili hata mwamba ukitoweka umbo la kila unyayo lisipotee. Wanasayansi wakapewa nafasi ya kuzichunguza wakati ziko wazi. Kisha zikafunikwa: mchanga uliochekechwa kwa uangalifu, kitambaa maalumu kinachopitisha maji lakini chenye dawa ya kuirudisha mizizi nyuma, mchanga tena, udongo, na juu kabisa mawe. Mary Leakey alifariki Disemba mwaka huo huo wa 1996.

Katika lugha yetu tunasema kumsitiri maiti tunapomaanisha kumzika. Hatusemi kumtupa wala kumficha. Kusitiri ni kumfunika mtu kwa heshima, ili asidhalilike. Nadhani ndilo neno lililokosekana katika ubishi uliofuata, maana wengi walisema nyayo zimefichwa, na neno kufichwa huleta shuku ya wizi.

Nami shuku hiyo naielewa, kwa kuwa niliisikia ikisemwa kwa sauti. Mwaka 2003 nilifuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu mpaka Oldupai. Katika makumbusho madogo ya wakati ule palikuwa na nakala ya sehemu ya nyayo za Laetoli, nakala nzuri, uliweza kuona kidole gumba kilivyosukuma majivu. Watoto waliizunguka kimya. Kisha msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, shikamoo. Kwa hiyo tumesafiri siku nzima kuja kuona nakala?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaongeza: "Za kweli nani ameziona?"

Nikamjibu kwamba wameziona wataalamu, wafanyakazi wa pale, na Wamasai wa jirani waliosaidia kazi. Jibu lilikuwa sahihi, na uso wake ulinionyesha kwamba halikumtosha. Wataalamu wengi aliosikia majina yao walitoka ng'ambo. Nyayo ziko Tanzania, naye ni Mtanzania, na alichoonyeshwa ni kitu cha kumimina katika kalibu. Sina budi kukiri kwamba hoja yake ina uzito kuliko hoja nyingi nilizosoma. Mhifadhi anapokisitiri kitu anawanyima watu walio hai kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa, na hao walio hai hawakuulizwa. Hapo kazi yake inaacha kuwa ya mchanga na dawa, inakuwa ya kuzungumza na watu.

Wale wa Laetoli angalau walilitambua hilo kwa majirani. Plastiki na vitambaa vizuri, mahali ambapo vitu hivyo ni adimu, vingeweza kuchimbuliwa na kuchukuliwa na mtu asiyeambiwa vinafanya nini. Basi mwaka 1996 alialikwa oloiboni, kiongozi wa dini wa Wamasai wa sehemu ile. Watu wengi wakakusanyika, kondoo akachinjwa, mahali pakabarikiwa, na walinzi wakateuliwa kutoka hapo hapo. Wasomi wengine waliona jambo hilo kama sherehe ya kuwapendeza wenyeji. Mimi naliona kuwa sehemu ya kazi ya mhifadhi kama ilivyo kitambaa chenye dawa, tena pengine yenye kudumu zaidi, kwa sababu kitambaa kitachoka.

Na hapa wahifadhi wa aina mbili hukutana katika ardhi moja. Sheria ya mwaka 1959 iliyoitenga Ngorongoro na Serengeti ilikusudia watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja, na ofisa aliyesimamia eneo akaitwa Mhifadhi. Historia ya kusudi hilo ni ndefu na ina machungu yake; mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa, na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Sitaimaliza hapa. Ila najiuliza kichuguu kile cha Laetoli kitalindwa na nani siku ambayo karibu yake hapatakuwa na mchungaji anayejua kwa nini mawe yale yamepangwa.

Hamu ya kuona haikufa. Mwaka 2011 sehemu ya nyayo ilifunuliwa tena kwa muda, na mpango wa kujenga makumbusho makubwa pale pale ukawa unazungumzwa kwa bidii. Wako walioukaribisha kwa ajili ya utalii na wako walioogopa. Kabla ya kujenga ilibidi kuchunguza kama jengo litaharibu chochote, na kazi hiyo wakapewa Watanzania, akiwamo Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakachimba mashimo ya majaribio. Mwaka 2015, kiasi cha mita 150 kusini mwa zile nyayo za zamani, wakakuta nyingine 14, za watu wawili waliopita juu ya majivu yale yale wakielekea upande ule ule, mmoja wao akikisiwa kuwa na urefu wa sentimita 165. Taarifa ilichapishwa Disemba 2016. Kama ingekuwa nyumba imejengwa kwa haraka, nguzo zake zingeweza kusimama juu yao.

Niliposoma habari hiyo nilimfikiria yule msichana, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mtu mzima. Swali lake la nani ameziona za kweli lilikuwa sasa limepata majina ya kwetu.

Kichuguu cha Eneo G, siku za kawaida, hakina la kumvutia mgeni: mawe meusi, majani makavu, mbuzi kwa mbali. Walioufanya mpango wa mwaka 1994 walijua kwamba upepo na ndege wataendelea kuleta mbegu, kwa hiyo waliagiza mahali pawe pakikaguliwa mara kwa mara. Kazi ya mkaguzi, baada ya elimu yote iliyotumika, ni kuinama kati ya mawe, kutafuta miche ya migunga iliyoota baada ya mvua, na kuing'oa ingali midogo.